Mama Chanuo na Nywele za Kidoti

Pale kwenye kituo cha kulelea watoto wasio na wazazi kila mtoto alikuwa na mlezi wake wa kumlaza na kumwamsha, na kila mlezi alikuwa na jina la kubandikwa. Huyu aliitwa Mama Chanuo kwa sababu chanuo lake la mti halikukaa mezani wala mkobani. Lilikaa kichwani mwake mwenyewe, limechomekwa juu ya sikio kama penseli ya seremala. Alikuja kituoni kufua nguo. Siku moja mlezi mmoja akaugua, naye akaombwa awashike watoto mpaka jioni. Jioni hiyo haikuisha. Akabaki moja kwa moja.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana, asiyependa kelele na asiyesahau jambo. Alijua mtoto gani hali kama sahani yake imeguswa na mwenzake, na yupi lazima aachiwe kiatu kimoja mkononi ndipo apate usingizi. Mwanawe wa kumzaa alikuwa mtu mzima, ameoa na anaishi mbali. Watu walidhani mama wa mtoto mmoja wa kiume lazima amwonee wivu mkwewe. Wapi!

"Mkwe wangu namwonea huruma," alisema. "Amenipokea mzigo, na mzigo wenyewe unakoroma."

Wivu wake wote aliwawekea watu wengine: wale wanawake waliokuja kuasili watoto.

Walifika wamevaa vizuri, wamepakata mikoba kama watu walioitwa kwenye usaili. Msimamizi wa kituo aliwaketisha barazani, na Mama Chanuo angepita mbele yao na ndoo isiyo na kitu ndani, ili tu awatazame. Alitazama kucha, viatu, na namna wanavyompokea mtoto.

"Yule amembeba mtoto kama sinia la vyombo," angemwambia mpishi akifika jikoni.

Picha za watoto waliokwenda kwa wazazi wapya zilibandikwa ukutani karibu na ofisi. Wenzake walizisogelea wakicheka, wakishangaa nani amenenepa na nani ameota meno. Yeye alizisogelea kutafuta kola isiyopigwa pasi. Akiikosa, siku yake imeharibika.

Mpishi, mwanamke mrefu mwenye mdomo usio na kufuli, ndiye pekee aliyethubutu kumwambia.

"Dada, huo ni wivu. Utakutoboa tumbo."

"Wivu wa nini? Mimi nasema ninachokiona."

"Unakiona kwa sababu umekitafuta na tochi."

Kituo kilikuwa na utaratibu ambao wageni hawakuujua. Siku mtoto anapochukuliwa, mlezi wake alipewa mapumziko. Ulianza baada ya mtoto mmoja kung'ang'ania sketi ya mlezi wake langoni mpaka ikachanika, na wazazi wapya wakaondoka wamefadhaika kama watu walioiba. Tangu hapo ikaonekana heri mtoto asimwone mlezi wake asubuhi hiyo. Anaogeshwa na mwingine, anavishwa nguo mpya, anapewa biskuti, gari linaondoka. Hakuna kilio. Kila mtu aliusifu utaratibu huo, na Mama Chanuo aliusifu kuliko wote, maana ulimwepusha kumkabidhi mtoto kwa mkono wake. Siku hizo alikwenda kushinda kwa dada yake, akamsaidia kukunja nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Kisha ikafika zamu ya Kidoti.

Kidoti aliletwa kutoka hospitali akiwa hajaanza kukaa. Ndugu zake walitafutwa, hawakupatikana. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na alama ndogo nyeusi kama punje ya ufuta, na jina likatoka hapo. Alikua akiwa mtoto wa maneno machache, mwenye kutazama sana, na kichwa chake hakikuguswa na mtu ila Mama Chanuo. Kila Jumamosi alikaa katikati ya magoti yake, ameugeuza mgongo, na kile alichokuwa hakisemi juma zima alikisema hapo, akielekea upande mwingine.

Alikuwa anaelekea kuanza shule walipokuja mume na mke kumwomba. Mume alikuwa fundi umeme. Mke alikuwa na kibanda cha kuchapa na kurudufu karatasi. Pale kituoni walimwita mama mpya, kama walivyowaita wote kabla yake. Walikuja mara nyingi, wakacheza naye uani, wakamchukua kushinda kwao na kumrudisha. Mama Chanuo alimtafutia mwanamke yule kasoro mpaka akachoka. Kucha zake zilikuwa fupi. Alipombeba mtoto, alimbeba vizuri.

Siku ya kuamkia safari, Mama Chanuo alimkalisha Kidoti uani akamsuka mistari midogo kuliko yote aliyowahi kusuka, akaikaza ili idumu. Alitumia mchana mzima. Alipofunga uzi wa mwisho, aliinama sikioni.

"Mtu asikuguse kichwa, umesikia? Hizi nitakuja kuzifumua mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Nitakuja."

Asubuhi yake akaenda kwa dada yake.

Kabla ya mahakama kumfanya mtoto kuwa wa familia moja kwa moja, mtoto huishi nao kwanza kwa miezi kadhaa, na afisa wa ustawi wa jamii hupita kuwaangalia. Afisa wa Kidoti alikuwa mama mwenye magoti mabovu na mkoba mkubwa wa turubai, na watoto walimwita Mama Mkoba. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kunyamaza, kisha kuliuliza tena kwa maneno yaleyale kana kwamba la kwanza halikuhesabiwa.

Asubuhi moja, mvua ikinyunya, Mama Mkoba aliingia chumba cha kufulia, akavuta ndoo, akaipindua na kuikalia.

"Wale watu wameniita," alisema. "Wameshindwa. Wanaomba mtoto arudi."

Mama Chanuo alikuwa anakunja shuka. Moyo ulimruka kwa furaha mpaka akaona aibu, akainamisha uso kwenye shuka lile kana kwamba analinusa kama limekauka.

"Wamemfanya nini?" aliuliza.

"Hawajamfanya kitu. Ni nywele." Mama Mkoba alinyoosha goti moja. "Hataki mama yake amguse kichwa. Tangu afike. Zile nywele ulizomsuka zipo palepale, zimeota, zimeshikana, zimekuwa gunia. Shuleni wamemrudisha kwa chawa. Anajifunga kitambaa. Mama amebembeleza, amenunua mafuta, amemwita msusi, wapi. Jumapili moja mtoto amelala mchana, akamjia na mkasi. Mtoto akaamka. Alipiga yowe hilo, majirani wakaja wamejaa mlangoni. Sasa mtaa mzima unasema mwanamke yule anamtesa mtoto wa watu."

"Na baba?"

"Kwa baba hana neno. Anakula naye, anambebea koleo, wanacheka. Ila kichwa hata baba hakigusi. Mama anawatazama wanavyocheka, halafu anakwenda kufunga mlango wa chumbani. Ameniambia, 'Siwezi kuishi na mtoto anayenitazama kama nimekalia kiti cha mtu.'"

Mama Chanuo aliweka shuka juu ya mengine, akalichukua tena, akalikunja upya.

"Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Anasema zina mwenyewe." Mama Mkoba alinyoosha goti la pili. "Uliagana naye vipi?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mapumziko, kama kawaida."

"Uliagana naye vipi?"

"Si nimekwambia sikuwepo?"

Mama Mkoba hakumbana. Alisema kwamba kesho kutwa atakwenda kule, na kwamba anataka Mama Chanuo afuatane naye. Kama mtoto ataondoka, ni lazima aambiwe sababu na mwanamke yule mwenyewe, macho kwa macho, na awepo mtu anayemjua wa kumshika mkono. Kama atabaki, basi kuna jambo linalomzuia kukaa, na jambo hilo limetoka hapa.

"Mimi sikazanii abaki, wala sikazanii aondoke," alisema akiinuka kwa kushika ukuta. "Nikimlazimisha mwanamke yule, atamkalia mtoto kama adhabu. Nikimchukua mtoto haraka haraka, atajua kwamba watu wazima ni wa kupita tu. Lakini nyinyi hapa, dada, mmekuwa mkiwatoa watoto kama mali ya magendo. Nimeshamwambia msimamizi. Jambo hilo liishe."

Alipoondoka, Mama Chanuo alikwenda bwenini. Kitanda cha Kidoti kilikuwa kinalaliwa na mtoto mwingine. Alimhamishia yule mtoto upande wa dirishani, akageuza godoro, akatandika. Mpishi alimkuta anapigapiga mto.

"Tumepata mgeni?"

"Kidoti anarudi."

"Nani kasema?"

"Wameshindwa."

Mpishi aliegemea mlango, mwiko mkononi. "Nikuulize, na usinirushie mto. Hapo unamtandikia mtoto, au unatandika kushindwa kwa mwenzio?"

"Toka hapa, uji wako unaungua."

"Hauungui. Akirudi sawa, utamsuka Jumamosi. Ukistaafu nani atamsuka? Mimi? Mimi najua kusuka mkeka tu."

Mpishi alipokwenda, Mama Chanuo alikaa ukingoni mwa kitanda kile. Alikuwa anajua anachokijua. Kama atanyamaza tu, asiseme uongo, asifanye lolote, mtoto atarudi. Hakuna atakayemlaumu. Hata Mama Mkoba hakuwa na la kumshikia. Kilichotakiwa ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa anakuweza kuliko mtu yeyote pale kituoni.

Siku hiyo ilipofika, walikwenda. Nyumba ya fundi ilikuwa mwisho wa kichochoro safi, mlango wa bluu, vipande vya waya vimening'inizwa ukutani kwa mpangilio wa rangi. Sebule ilinukia karatasi za moto kutoka kibandani upande wa mbele. Fundi aliwapokea, akawaketisha, akabaki amesimama mwenyewe, akipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Mama mpya aliingia akitokea kibandani. Alikuwa amekonda. Hakumtazama afisa, alimtazama yule mwingine, kuanzia miguuni, mpaka akafika kwenye chanuo.

"Kwa hiyo ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

"Nilidhani u mrefu."

"Hata mimi nilidhani u mnene," Mama Chanuo alijibu, na fundi akakohoa.

Mama Chanuo alikuwa ameingia na macho yake ya siku zote, ya kutafuta kola isiyopigwa pasi. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi. Aliona kitanda kilichotandikwa, viatu vya shule viwili viwili, ukuta uliopakwa rangi kwa mkono usio wa fundi rangi. Kwenye rafu aliona vitana na machanuo ya kila namna: ya plastiki, ya chuma, ya mti, yenye meno mapana, yenye meno membamba, na chupa za mafuta zilizofunguliwa na kuachwa. Mwanamke alikuwa amenunua moja, likakataliwa, akanunua jingine. Mama Chanuo alitamani asingeyaona. Angekuwa mtu mzembe, angemwacha ashindwe bila taabu.

"Leo sijaja kumchukua mtoto, wala sijaja kumwacha," Mama Mkoba alianza. "Nimekuja aambiwe ukweli, kwa kila aliye nao. Halafu ndipo nitawauliza mnataka nini."

"Mimi nimeshasema ninachotaka," alisema mama mpya.

"Nimesikia. Nitakuuliza tena."

Fundi akaita. Kidoti alitoka uani amefunga kitambaa cha kijani. Alikuwa amerefuka. Alimwona Mama Chanuo, akasimama. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alikuja polepole mpaka pale alipokaa, akafungua kitambaa, akakiweka sakafuni, akaugeuza mgongo na kukaa katikati ya magoti yake.

Kichwa kile kilikuwa cha kutisha: uzi umetokeza huku na huku, nywele zimekuwa donge moja, na ngozi kando ya masikio imechubuka kwa kukunwa. Mkono wa Mama Chanuo ulikuwa umeshalichomoa chanuo bila kumwomba ruhusa.

Mama mpya aliinuka. "Mmeona wenyewe," alisema. "Hata salamu hajanipa. Miezi yote hii namwogesha, namfulia, naamka naye akiwa na homa, halafu mtu anakuja na kichanuo chake cha mti, dakika moja! Mchukueni. Mchukueni sasa hivi."

Alifika mlangoni. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yenyewe. Mama Chanuo alihisi joto la mgongo wa mtoto kwenye magoti yake yote mawili. Afisa alimtazama tu. Kazi yake ilikuwa imeishia kuwakutanisha chumba kimoja.

"Usitoke," alisema Mama Chanuo. "Kuna kitu sijasema, na wewe ndiye unayepaswa kukisikia."

Akaongea na kisogo cha mtoto, kwa sababu ndivyo walivyozoea wao wawili.

"Kidoti. Siku ile nilikwambia mtu asikuguse kichwa, nitakuja kuzifumua mwenyewe. Unakumbuka?"

Kichwa kikaitikia.

"Nilikwambia vibaya. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na wivu. Sikutaka mama huyu akusuke. Umenitunzia, umefanya nilivyokuagiza, wewe huna kosa hata moja. Mwenye kosa ni mimi."

"Wewe?" Mama mpya alirudi katikati ya sebule. "Wewe ndiye uliyemwambia? Mtaa mzima unaniita mkatili! Mwalimu wake ananitazama kama mwizi! Mimi usiku nauliza nina nini, nanuka nini, kumbe ni mdomo wako?"

"Ni mdomo wangu."

"Na ulikuwa unajua?"

"Tangu juzi nilijua. Kabla ya hapo nilitumaini tu."

"Ulitumaini! Unamsikia?" alimgeukia mumewe. "Alitumaini!"

Fundi alifungua mdomo, Mama Mkoba akamwonyesha kiganja: mwache amalize. Mama mpya aliyasema yote. Alimwita mchoyo, mchimvi, mwanamke asiye na haya mwenye umri wa mama yake. Mama Chanuo aliyapokea bila kuinua uso. Moja tu lilimchoma, nalo lilisemwa kwa sauti ya chini baada ya matusi kwisha.

"Na mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe," alisema mama mpya. "Hata sijakujua. Nilikuwa naona vidole vyako kwenye kichwa hiki kila asubuhi."

Mama Chanuo akasogea pembeni ya kochi.

"Kaa hapa."

"Hataki."

"Kaa. Chukua upande wa kulia, mimi nachukua kushoto. Paka mafuta kwanza, mengi, usione huruma."

Mtoto alikakamaa mkono mgeni ulipomgusa. Kisha akageuza shingo kidogo, akamtazama Mama Chanuo kutoka chini, akimuuliza kwa macho. Lilikuwa jambo dogo, kuitikia kwa kichwa. Mama Chanuo alibeba ndoo maisha yake yote, na hakukumbuka kubeba kitu kizito kama kile. Aliitikia.

Walifumua. Uzi ulitoka vipande vipande. Sehemu nyingine zilibidi zikatwe, na mkasi waliozikatia ulikuwa uleule wa Jumapili ile. Mama mpya aliushika, akamwonyesha mtoto kabla ya kila mkato. Mara akavuta kwa nguvu.

"Unaniumiza!" alisema Kidoti, kwa hasira, akimgeukia.

"Pole. Pole, sikujua. Hapa?"

"Si hapo. Hapa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyomwambia tangu afike nyumba ile. Fundi akatoka nje akidai anaangalia mita. Mama Chanuo naye aliyasikia, na wivu ukampanda upya kifuani, mbichi, kana kwamba hakuna alichokiungama. Mtoto alikuwa hajawahi kumkasirikia yeye namna ile. Mtu humkasirikia hivyo mtu wa nyumbani kwake.

Kabla kazi haijaisha, Mama Chanuo alisimama, akazunguka mbele, akachutama ili macho yao yakutane.

"Mimi naondoka. Sikuja kukuchukua, na sitakuja kukuchukua. Mama huyu akinikaribisha nitakuja kukuona, nitapiga hodi kama mgeni. Kichwa hiki atakisuka yeye. Sijaudhika. Umesikia? Sijaudhika."

"Unakwenda lini?"

"Sasa. Ndiyo naaga."

Hapo Kidoti alilia. Kilikuwa kilio ambacho kituo kizima kilikuwa kimepanga utaratibu ili wasikisikie: alijitupa chini, akampiga mateke mama mpya, akakamata sketi ya Mama Chanuo kwa mikono miwili. Mama Chanuo hakuchomoka kwa nguvu. Alifungua vidole kimoja kimoja, na kila alichokifungua alikiweka kwenye mkono wa yule mwanamke mwingine, ambaye alikishika.

Mama Mkoba alisimama mlangoni. "Nakuuliza tena," alimwambia mama mpya, juu ya kelele. "Unataka nimchukue?"

Mwanamke alikuwa sakafuni, kitambaa chake cha kichwani kimemtoka, mtoto anamgonga kifua kwa kichwa kilichofumuliwa nusu.

"Siwezi kujibu sasa, huoni nimeshika mtoto?"

"Basi nitakuja Jumatatu. Na Jumatatu inayofuata. Barua ya kuiarifu mahakama kwamba mmeshindwa sitaigusa mpaka unijibu umekaa kitini."

Walitoka. Kichochoroni Mama Chanuo alishindwa kwenda, akaegemea ukuta chini ya dirisha. Kilio kilikuwa kinasikika vizuri. Alitaka kinyamaze. Vilevile alitaka kisinyamaze, kiendelee mpaka yule mwanamke ashindwe na kuita. Mama Mkoba alijua, akakaa naye bila kumharakisha, akihamishia mkoba bega hili na lile.

Kilio kikawa kwikwi. Kisha kikawa sauti ya mwanamke ikiuliza kitu, na ya mtoto ikijibu kitu kisichosikika, na baadaye kimya cha watu wanaofanya kazi.

"Amenyamaza," alisema Mama Mkoba.

"Nimesikia."

"Unajisikiaje?"

"Vibaya."

"Unajisikiaje?"

Mama Chanuo alifuta pua kwa upindo wa mkono. "Anaanzia kwenye shina, yule. Nimemwona. Ukianzia kwenye shina unamng'oa mtoto. Jumatatu mwambie aanzie kwenye ncha, apande polepole kuelekea shina. Na pale juu ya sikio la kushoto asikaze, panamuuma."

"Nitamwambia."

"Usimwambie nimesema mimi," alisema, na akatangulia kuelekea barabarani.